Mikunjo ya Mashoto

Chwaa!

Mama Anlai hakuhitaji kugeuka. Alikuwa amechuchumaa kando ya moto akigeuza samaki, na sauti ile ya karatasi kuchanika alikwisha kuizoea kama sauti ya nguruwe wake wakidai chakula. Hicho kilikuwa kitabu cha tatu ndani ya siku tisa.

"Kimechanika," alisema mama mkwe wake kutoka kwenye kigoda chake cha dirishani, kwa sauti ya mtu ambaye utabiri wake umetimia.

"Hakikuchanika, Mama. Umekichana."

"Mimi? Nimekigusa tu. Kitu kilichokunjwa sawasawa hakichaniki kwa kuguswa. Hiki kimekunjwa kinyumenyume, kama akili ya aliyekikunja."

Mama Anlai alianza kuhesabu moyoni hadi kumi, kama alivyofundishwa na marehemu mama yake. Alifika nne. Akageuza samaki kwa nguvu mpaka mkia ukakatika na kudondokea majivuni.

Ukikitazama kwa nje, kitabu cha nyuzi hakina makuu. Jalada lake ni kitambaa cha nili, unene wake vidole viwili, na mtu anaweza kukitia kwapani akaenda nacho shambani. Ukikifunua ndipo unapogundua kwamba hakina hata neno moja la kusoma. Ndani mna visanduku vya karatasi vilivyolala bapa, vidogo vinane juu, na chini ya kila viwili kimoja kikubwa zaidi, na chini ya hivyo vingine tena, hadi unafika kile cha mwisho ambacho ni kipana sawa na kitabu chenyewe. Kila kisanduku hujifunga kwa mikunjo minne iliyokumbatiana. Ukibana pembe mbili na kuzungusha kidogo, kinafumbuka. Ukikibonyeza, kinalala tena kama vile hakikuwahi kuwa na tumbo. Humo ndimo wanawake wa kijiji kile walimohifadhi nyuzi zao za hariri, sindano zao, na maua ya karatasi ya kutarizia.

Bibi, maana kijiji kizima kilimwita hivyo, alikuwa na chake tangu alipoolewa. Miaka hamsini na minne kilikaa naye, na mwezi uliopita panya walikila kwa usiku mmoja. Waliifuata gundi ya wali iliyoshikilia kurasa, wakaacha nyuzi na jalada na kinyesi chao. Kwa mwanamke mwingine ingekuwa hasara ya siku mbili. Kwa Bibi ilikuwa kama kufa, kwa sababu macho yake yote mawili yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, na kitabu kile ndicho kilichokuwa macho yake. Kisanduku cha kwanza juu kilikuwa cha uzi mwekundu. Cha pili, kijani. Cha tatu, rangi ya yai. Alikuwa akikibana kwa vidole, anachomoa uzi, anapapasa ukingo wa ua la karatasi lililobandikwa juu ya kitambaa, na kushona juu yake bila kukosea hata petali moja.

Na alichokuwa akishona hakikuwa mchezo. Vilikuwa viatu vyake vya kuzikwa navyo. Kimoja kilikwisha tangu mwaka jana, kizuri mpaka watu walikuja kukitazama. Cha pili kilikuwa na majani mawili na nusu, basi.

"Mama, si unipe nikuchagulie nyuzi?" Mama Anlai alimwambia siku ile panya walipofanya yao. "Wewe sema tu rangi, mimi nakupa mkononi."

"Ili nikae hapa kama ombaomba, huu ni mwekundu, huu ni mwekundu? Halafu nifike kule niulizwe na waliotangulia, nani kakushonea, niseme tulisaidiana? Viatu vya safari ile mtu hushona mwenyewe. Nikunjie kitabu."

Basi akamkunjia. Akamkunjia kimoja, akamkunjia cha pili, na sasa cha tatu nacho kilikuwa kimelala sakafuni, tumbo nje.

Tatizo alilijua kila mtu. Mama Anlai alikuwa mashoto.

Alizaliwa hivyo, na huko kwao hawakumwonea haya. Alipofikisha miaka saba mama yake alimketisha mbele yake, uso kwa uso, akamfundisha kukunja. Mtoto akaiga alichokiona, mkono wa mama wa kulia ukawa wake wa kushoto, na visanduku vyake vyote vikazungukia upande usiozungukia vya mwanamke mwingine yeyote katika bonde lile. Mama yake alikuja kugundua baadaye, akacheka, akasema angalau hakuna atakayemwibia sindano. Ilikuwa kweli. Kitabu cha Mama Anlai hakuna aliyeweza kukifungua isipokuwa mwenyewe, jambo ambalo katika nyumba yenye mama mkwe lina faida zake.

Lakini sasa faida ilikuwa imegeuka. Vidole vya Bibi vilizungusha kulia, miaka hamsini na minne vilizungusha kulia, na kila vilipokutana na mkunjo wa mashoto vilivuta, vikang'ang'ana, chwaa. Samaki mkunje angali mbichi, wahenga walisema, na Bibi alikuwa amekauka siku nyingi.

Kuazima mkono wa jirani hakukuwezekana. Kitabu cha nyuzi hukunjwa na mtu wa nyumbani, na kumwomba wa nje ni kutangaza kwamba nyumbani kwako hakuna mikono. Aliyebaki ni mmoja tu: wifi yake, Mama Peiyue, binti wa Bibi, aliyeolewa kijiji cha pili ng'ambo ya mto. Na huyo alikwishatuma ujumbe wa sauti kwenye simu ya kaka yake. Baba Anlai aliusikiliza mara moja, akauacha usikike mara ya pili kwa bahati mbaya, mke wake akiwa mlangoni.

"Kaka, nitakuja siku ya kuonja mpunga mpya. Nitakuja na kitabu nilichokikunja kwa mkono wangu. Nikimkuta Mama bado amekaa bure, viatu havijasogea, namchukua. Akae kwangu amalizie. Siwezi kumwacha mama yangu aende kaburini na kiatu kimoja kwa sababu ya mkono wa mtu."

*Mkono wa mtu.* Mama Anlai aliirudia kauli hiyo siku nzima akiwa bandani, chini ya sakafu ya nyumba, akiwaambia nguruwe. Mzee akihama nyumba ya mwanawe akafie kwa binti, mwana na mkewe wanaketi wapi? Mnara wa ngoma, wanakokutana wanakijiji kupiga soga, una benchi nne na zote zina masikio. Watu wangesema alishindwa kukunja karatasi. Karatasi!

Zilibaki siku sita.

Siku ya kwanza alijaribu kwa mkono wa kulia. Alikata karatasi ya magome, nyeupe na laini, akaipanga, akashika kile kibanzi cha mwanzi cha kupigia mikunjo kwa mkono ambao maishani mwake ulikuwa haujafanya kitu cha maana zaidi ya kushikilia vitu ili mwenzake afanye kazi. Ukingo ukapinda. Akaukunjua, akaukunja, ukapinda upande wa pili. Kufikia mchana alikuwa na kisanduku kimoja, nacho kimekaa kama mlevi aliyeegemea ukuta.

Siku ya pili akabandua kioo cha kabatini. Wazo lilikuwa zuri: aliweka kitabu chake mwenyewe mbele ya kioo, na mle kiooni kikaonekana kimegeuka, mikunjo yote imeelekea kulia kama ya watu wengine. Alichotakiwa kufanya ni kuiga kile kilichomo kiooni. Alikaa palepale kuanzia chai hadi jua likapita kichwani, ulimi nje, akitazama, akikunja, akitukana kidogokidogo.

Baba Anlai akapanda ngazi kutafuta tumbaku yake. Akamkuta mkewe ana kwa ana na mkewe.

"Mnaongea nini?" akauliza.

"Toka."

"Aa, nilidhani una mgeni."

"Baba Anlai, nitakutupia hiki kioo."

"Kioo cha harusi hicho," alisema akishuka haraka. "Kitupe taratibu."

Baba Anlai alikuwa seremala hodari, na kazi aliyoiweza zaidi ya useremala ilikuwa kutoweka. Mama yake na mke wake walipoanza kupandishiana sauti yeye alikuwa kishafika mnarani, ameshagawiwa karata. Mama Anlai hakumlaumu sana, maana angekuwa na mahali pa kutoweka naye angekwenda.

Kitabu cha kioo kilipokamilika, visanduku vitano viliangalia kulia na vitatu kushoto, kama wajumbe wa kikao kilichovunjika. Bibi alikipokea, akakipapasa. Vidole vyake vilifungua cha kwanza, na Mama Anlai akasogea karibu. Akafungua cha pili. Cha tatu, chwaa.

"Hiki nacho hakijui kinataka nini," alisema Bibi.

Chakula cha mchana siku ile kiliwekwa kimyakimya. Wali wa kunata ulikuwa chunguni, unatoka mvuke, na kila mtu alichota kwa mkono, akaufinyanga tonge, akachovya kwenye maji ya samaki wa kuchachushwa. Mama Anlai alikuwa amechoka. Akachota.

"Mkono gani huo unaoingia chunguni?" Bibi aliuliza.

"Mama, wewe huoni."

"Sioni. Nasikia. Upepo umetoka upande wa kushoto."

"Nimenawa mikono yote miwili kwa sabuni moja!"

"Miaka thelathini na moja nakwambia. Mtoto wa miaka mitatu ungekwishamfundisha. Mbwa ungekwishamfundisha. Ndiyo maana mwanangu alikonda mwaka ule, chakula cha mkono wa kushoto hakishiki mwilini..."

"Alikonda kwa sababu alikuwa na minyoo!"

Baba Anlai alitazama tonge lake.

"...na sasa hata viatu vyangu," Bibi aliendelea, akitafuna, "vitakwama kwa mkono huohuo."

Hapo ndipo maji yalipozidi unga. Mama Anlai alisimama na bakuli likaanguka.

"Basi nenda! Nenda kwa binti yako mwenye mikono miwili ya kulia! Kaa huko akufungulie visanduku, akupepee, akuimbie! Mimi nimechoka. Mkono huu umekuogesha, umekukamua jipu la mgongoni, umekubeba ngazi zote hizi ulipovunjika nyonga, mbona siku ile hukuuliza ni mkono gani?"

Chini ya sakafu nguruwe mmoja alikohoa.

Bibi alimaliza kutafuna. Alimeza, akajifuta mdomo kwa kiganja, polepole.

"Nitakwenda," alisema.

Mama Anlai alishuka bandani, akasimama kati ya ndoo mbili, na kwa muda hakujua alichofuata huko. Alikuwa ameiota siku hiyo. Mara ngapi alikuwa amejiambia, akikoka moto alfajiri kabla ya mtu mwingine kuamka, kwamba siku moja nyumba hii itakuwa kimya? Atakula kwa mkono autakao. Na sasa kimya kilikuwa siku nne mbele yake, na alipojaribu kukipiga picha akilini alichokiona ni kigoda kile cha dirishani kitupu, mto wake mdogo umebonyea katikati. Alikasirika. Hakujua kama amemkasirikia Bibi au kile kigoda. Kisebusebu na kiroho papo, alijisema, mwanamke mzima, na machozi yakamtoka mbele ya nguruwe.

Mchana uleule akakunja kitabu cha tano. Hakukikunja ili kimsaidie mtu. Alikikunja kwa hasira.

Hakutafuta kioo. Hakujipinda. Alikaa kwenye meza ya mumewe, akapangusa vumbi la mbao, akatoa ile karatasi nzuri aliyoiweka akiba ya ndoa ya Anlai, ambaye alikuwa kiwandani kusini na ndoa yenyewe ilikuwa bado hadithi ya simu. Akauacha mkono wake wa kushoto ufanye mambo yake. Ukingo ukakutana na ukingo. Kibanzi cha mwanzi kikapita juu ya mkunjo, sssip, kikarudi, sssip. Ubavu, ubavu, pembe, zungusha. Visanduku vilitoka mkononi mwake kimoja baada ya kingine, vyepesi, vimenyooka, vikimeza mikunjo yao bila kelele. Hata gundi alibadilisha, akatia pilipili ndani ya wali ili panya wale wajinga wajue siku nyingine. Alipomaliza, akavisha jalada la nili lililookolewa kutoka kile cha zamani, akapanda nacho juu na kukiweka, karibu kukitupa, kwenye dirisha kando ya Bibi.

"Hiki cha mashoto," alisema. "Kichane."

Akatoka.

Siku tatu zilizofuata hawakusemezana zaidi ya "maji haya hapa" na "nimeshiba." Mama Anlai alikuwa na kazi tele za kujificha nyuma yake: mpunga wa kwanza ulikuwa umeiva, samaki waliofugwa ndani ya maji ya mpunga walipaswa kukamatwa kabla maji hayo hayajafunguliwa yatoke. Lakini kila alipokuwa chini bandani alisikia, juu ya kichwa chake, kupitia nafasi za mbao, karatasi ikilalamika. Kwach. Kwach. Halafu sauti ya Bibi, ya chini na yenye ghadhabu.

"Mwanaharamu wewe. Fumbuka."

Kwach.

"Umelaaniwa na aliyekukunja. Geuka. Geuka huko unakotaka basi, shetani."

Anakiharibu, Mama Anlai aliwaza akimwaga pumba. Anakinyofoa kipande kipande ili wifi aone. Mara moja alipanda ngazi bila viatu kumfumania. Alimkuta Bibi ameketi wima, mikono mapajani, uso umeelekea dirishani kama mtu anayengoja kupigwa picha. Kitabu hakikuonekana popote.

"Umefuata nini?" Bibi aliuliza.

"Chumvi."

"Chumvi iko jikoni. Au nayo umeiweka upande wa kushoto?"

Siku ya kuonja mpunga mpya, Mama Peiyue alifika na bata wawili waliofungwa miguu, kreti ya bia, na sauti yake. Sauti ilitangulia. Ilipita daraja, ikapita mnara, ikasalimia madirisha yote, na ilipofika ngazini kijiji kizima kilikuwa kinajua mwanamke yule amekuja kufanya nini.

"Wifi! Umepungua jamani, wanakufanyisha kazi hapa?" Alimkumbatia Mama Anlai kwa mkono mmoja, mwingine umeshika bata. "Usijali, nitakupunguzia mzigo. Mama yuko wapi? Mama! Umekuwaje kama jani kavu?"

"Sijakuwa jani," alisema Bibi. "Weka bata chini, wananikoroga kichwa."

Walikula. Mpunga mpya ulikuwa na harufu yake ile ya utoto, na kwa muda wa bakuli mbili hakuna aliyegombana. Baba Anlai alimimina bia mpaka ikafurika, akaifuta kwa mkono, akamimina tena. Nguo za Bibi zilikuwa zimeshakunjwa ndani ya furushi la shuka kando ya mlango. Mama Anlai ndiye aliyezikunja asubuhi ile, kwa sababu hakutaka wifi aone fulana iliyotoboka.

Mama Peiyue akanawa, akafungua kitambaa chekundu, akatoa kitabu. Kilikuwa kizuri, lazima mtu aseme ukweli. Kingo zake zilikuwa kali na jalada lilimetameta kwa kupakwa ute wa yai na kupigwa nyundo. Nyuzi zilikuwa tayari ndani, mpangilio uleule wa Bibi, nyekundu, kijani, rangi ya yai.

"Haya Mama. Mkono wa kulia huu. Fungua mwenyewe, kaka yangu aone."

Bibi alikipokea kwa mikono miwili. Alipitisha kiganja juu ya jalada, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akafunua. Kidole gumba kikaenda kwenye pembe, cha shahada kikaifuata, akabana, akazungusha.

Chwaa.

"Taratibu, Mama," alisema Mama Peiyue, akicheka kidogo. "Mikono inatetemeka. Jaribu cha pili."

Bibi akajaribu cha pili. Vidole vilibana, vikazungusha. Chwaa. Uzi wa kijani ukaning'inia nje kama utumbo.

Bibi alikipapasa kile kisanduku kilichochanika, mkunjo kwa mkunjo, uso wake umekunjamana. Kisha akauinua kuelekea ilikotoka sauti ya binti yake.

"Nani kakikunja hiki?"

"Mimi, Mama."

"Mashoto gani aliyekufundisha?"

Baba Anlai alipaliwa na bia.

"Mama!" Mama Peiyue alisimama. "Hicho ndicho cha kulia! Kulia, kama vyako! Wewe ndiye uliyenifundisha!"

"Usinifundishe kulia na kushoto. Nilikuzaa nikiyajua yote mawili. Hiki kimekunjwa kinyume. Hakifunguki." Akakifunga, akakisukuma kando kwa kiganja. Halafu akainuka nusu, akaingiza mkono chini ya mto wa kigoda chake, akatoa kitabu kingine. Kilikuwa kimechakaa. Pembe zake zilikuwa zimelegea kama masikio ya mbwa, na visanduku viwili vilikuwa vimetiwa viraka vya gazeti vilivyobandikwa vibaya sana, kwa wali uliotafunwa.

Akakifungua. Bana, zungusha kushoto. Kikafumbuka. Cha pili kikafumbuka. Vyote vinane vikasimama mdomo wazi, na vidole vya Bibi vikapita juu yake bila kusita, haraka, kwa namna Mama Anlai alivyopita yeye mwenyewe juu ya vyake tangu akiwa na miaka saba.

"Hiki," alisema Bibi, "ndicho kilichokunjwa sawasawa."

Mama Peiyue alimtazama mama yake, akakitazama kitabu, akamtazama wifi yake. Mdomo ulifunguka lakini hakuna kilichotoka, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu aolewe. Mama Anlai alikuwa amegeukia moto. Mabega yake yalikuwa yanatikisika na hata yeye hakujua kama ni kicheko.

"Mama, umechakachuliwa mikono," wifi alisema hatimaye.

"Nani anichakachue? Kaa ule bata wako. Na wewe Mama Anlai, pilipili ya nini kwenye gundi? Nimelamba kidole mara tatu, nimelia kama mjane."

Furushi la shuka lilibaki mlangoni hadi wifi alipoondoka. Hakuna aliyelitaja. Mama Anlai alilifungua baadaye, akairudisha ile fulana iliyotoboka mahali pake, akiwa amekasirika kwamba hakuna aliyemwambia ahsante, na kwamba hakuna ambaye angemwambia.

Kiatu cha pili kilianza kwenda. Jani la tatu likaisha, likaja ua, likaja ndege mdogo mwenye mkia. Kila asubuhi Bibi aliketi dirishani na kulalamika: sindano butu, chai baridi, mkono wa kushoto unaingia tena chunguni anausikia. Ndege akapata jicho. Mpunga ukavunwa wote, ukaning'inizwa kwenye vichanja, mashamba yakabaki maji na anga. Watu walipita kukitazama kile kiatu wakasema, Bibi, umebakiza kidogo sana. Bibi alisema najua.

Siku moja ya baridi alipiga kelele kutoka dirishani.

"Mama Anlai! Uzi mweusi umekwisha! Kimebaki kisigino tu, vidole vinne, leo nakimaliza!"

Mama Anlai alikuwa katikati ya ngazi na kapu la kuni. Kwenye mfuko wa aproni yake kulikuwa na shada zima la uzi mweusi, alilonunua siku ya soko iliyopita. Aliligusa kwa nje, juu ya kitambaa. Lilikuwa laini na nono.

"Hata kwangu umekwisha, Mama," akajibu.

"Umekwisha! Nyumba gani hii! Na soko ni lini?"

"Siku tano."

"Siku tano! Na nikifa kabla?"

Mama Anlai aliweka kapu chini kwenye kidaraja cha ngazi. Akaketi kando yake, mkono ndani ya mfuko.

"Basi usife," alisema.

Akasikia huko juu visanduku vikifungwa kimoja kimoja, bila haraka, vyote vinane.